Kuziba Chumba cha Rubani

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonichefua kwanza. Ndani ya lile banda la ndege, nje kidogo ya Buffalo, kulinuka rangi mbichi, kahawa iliyochemka tangu alfajiri, na donati zilizopakwa sukari. Wazee wanane, wote mainjinia wastaafu, walikuwa wakijifungia humo kila Jumamosi wakijenga ndege ya kivita ya Wajerumani. Si ile ya watoto ya kubandika kwa gundi. Ndege nzima, ukubwa wake halisi, yenye mabawa marefu kiasi kwamba friji ya vinywaji ilibidi ihamishwe ili ncha ya bawa la kushoto ipate pa kukaa. Mimi nilikuwa mfagizi wao.

Siku tano za wiki nilikuwa kiwandani, East Side, si mbali na nyumbani, nikisimama zamu nzima kukagua vifuniko vya chupa. Hiyo kazi ya Jumamosi niliipata kupitia kanisani. Mama mmoja wa kwetu alikuwa akimtunza mke wa mwenyekiti wa kile kikundi, mgonjwa wa muda mrefu, nyumbani kwao North Buffalo. Mwenyekiti akamwuliza kama anamfahamu mtu mwaminifu wa kufagia, nikatajwa mimi. Tangu nifike Marekani nimetajwa hivyo mara nyingi. Louisville, mji wa kwanza tuliopelekwa kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikuwa mwaminifu wa kupakia vifurushi. Columbus, tulikohamia kwa sababu shemeji alisema maghala ya huko yana ovataimu, nilikuwa mwaminifu wa kubandika lebo kwenye maboksi ya viatu. Buffalo tulifuata nyumba ambayo watoto wangeweza kukimbia ndani yake bila jirani kugonga dari. Kote huko nimekuwa mwaminifu, na nimebaki na magoti mabovu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kasisi. Alipenda sana kueleza, na mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani ambaye alikuwa hajayasikia maelezo yake. Basi aliniwekea mkono begani akanizungusha kwenye ile ndege. Mwishoni mwa vita ile kubwa, alisema, ndege za mabomu za Wamarekani zilikuwa zikipita juu sana, na habari zilikuwa zimeenea za nyingine zitakazopita juu zaidi. Huko hewa ni nyembamba. Injini inakosa pumzi, rubani anazimia. Kwa hiyo Wajerumani waliichukua ndege yao ya kawaida wakaivuta. Mabawa wakayarefusha, injini wakaipa mashine ya kuisukumia hewa na tangi la gesi ileile wanayotumia madaktari wa meno, na rubani wakamfungia kwenye chumba kisichovuja. Kioo chake kilikuwa cha tabaka mbili, na katikati waliweka vidonge vya kunyonya unyevu ili kisishike ukungu. Chuma na aluminiamu vilikuwa vimeanza kuwaishia, hivyo sehemu nyingine za nyuma walizitengeneza kwa mbao.

Zilitoka chache tu, vita ikaisha. Na hizo chache, kwa maelezo yake mwenyewe, karibu zote hazikupigana kule juu zilikoundiwa. Zilihangaika chinichini, zikilinda viwanja vya ndege nyingine. Jambo hilo lilimuuma kana kwamba lilimpata yeye.

"Miezi sita tu," alikuwa akisema, akilipapasa lile bawa kama mtu anayepapasa ng'ombe wake wa maziwa. "Wangepata miezi sita zaidi."

Mara ya kwanza niliitikia kwa kichwa, kama ninavyowaitikia Wamarekani wote. Mara ya tatu nikaanza kujiuliza ni miezi sita ya nini, na nani angeilipia. Mimi si msomi. Lakini vita naifahamu, na najua kwamba kila mwezi unaoongezwa unabebwa na mgongo wa mtu. Wenzake walikuwa wakitikisa vichwa kwa masikitiko, sukari ya donati bado midomoni. Niliuegemeza ufagio ukutani nikatoka nje kutema mate.

Nilivyoachana na ufagio ni hivi. Chumba cha rubani kilikuwa kinavuja, na wazee walikuwa wameapa kwamba chao kitashika hewa kama kile cha asili. Ukingoni mwa kifuniko cha kioo walikuwa wamezungusha mpira unaojazwa upepo kutoka kwenye chupa ndogo, kama walivyofanya Wajerumani. Wakijaza, mshale wa kipimo unapanda. Wakigeuka kuchukua kahawa, mshale umeshuka. Jumamosi tatu walibishana. Mmoja alileta kifaa cha kusikilizia matundu, kikapiga kelele kila mahali. Mimi nilikuwa nafagia chini yao nikijizuia kucheka, maana kambini nilikuwa fundi baiskeli. Miaka kumi na moja nilikaa chini ya turubai nikiziba pancha, na hao watu walikuwa wananionyesha pancha.

Nikaomba sabuni ya vyombo, maji kidogo na sponji. Nikapaka povu ukingo mzima, polepole, nikatulia. Povu likaanza kuchemka mahali panne. Nikauvua mpira, nikaukwangua kwa msasa, nikapaka gundi, halafu nikakaa kwenye ndoo nikaingoja ikauke. Mwenyekiti akaniambia niubandike upesi kabla haijakauka. Nikamwambia hilo ndilo kosa lao, wanabandika ikiwa mbichi. Mainjinia wanane. Gundi ilipoacha kushika kidole nikakandamiza viraka, tukaurudisha mpira, wakajaza upepo, na mshale ukapanda ukakaa. Wakanipigia makofi.

Nisijifanye mtakatifu, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii mtu kunipigia makofi kwa kitu ninachokijua. Kuanzia siku hiyo nikawa nashika bisibisi badala ya ufagio, na baada ya wiki chache mwenyekiti akaniambia kwamba banda lile litafunguliwa kama makumbusho madogo, kwamba watahitaji mtunzaji wa kudumu, kazi ya mchana, yenye bima ya familia nzima, na kwamba wananifikiria mimi. Mke wangu alikuwa anatembea kwa kushika kuta kwa sababu ya nyonga. Nilipomwambia habari ile alikaa kitandani akafunika uso kwa kanga, akaomba.

Ndiyo maana nilikubali kwenda safari ya kuchukua vipande. Ndege yenyewe ilikuwa nakala, imetengenezwa kwa kufuata michoro, lakini mwenyekiti alikuwa amewapata watu wawili wenye vipande vya asili, mmoja Columbus na mwingine Louisville. Akataka twende wote kwa sababu mimi miji hiyo naifahamu. Kweli naifahamu. Huko Columbus tulipita kwenye barabara ileile ya maghala nilikobandika lebo, majengo marefu yasiyo na dirisha hata moja, tukachukua kipande cha mbao cha mkia kutoka kwenye gereji ya mjane ambaye alifurahi tu kupata nafasi ya kuegesha gari.

Louisville ndiko nilikochefuka. Mtu wetu wa huko alitushusha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, na mle chini kulikuwa na kofia za maafisa, mikanda, nishani, majambia, vyote nyuma ya kioo, vyote vimewashiwa taa ndogo kama keki za dukani. Ile misalaba yao iliyopinda ilikuwa kila mahali. Mkewe alituletea maji ya limau yenye barafu. Akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia, akasema pole kwa yote niliyopitia, huku amesimama mbele ya koti la askari wa Hitler lililopigwa pasi. Niliishika ile bilauri nikashindwa kunywa. Yule bwana alimpa mwenyekiti bati la nyuma ya kiti cha rubani, lililofungwa kwenye blanketi, na mwenyekiti akalipokea kwa mikono miwili.

Kulisafisha ikawa kazi yangu. Jumamosi iliyofuata nililiweka mezani, nikaanza kuondoa uchafu wa miaka kwa mafuta ya taa na kitambaa. Upande wa ndani, ule usioonekana bati likishafungwa, kulikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari au kitu kama hicho. Jina moja la mwanamke, si la Kijerumani, na namba chini yake. Herufi zilikuwa ndogo na zimenyooka. Aliyeziandika hakuwa na haraka, au alikuwa ameiba dakika moja moja kwa siku nyingi.

Nilimwita mwenyekiti. Akavaa miwani, akainama, na uso wake ukang'aa. Akawaita wenzake. Wakapiga picha. Wakapeana mikono. "Hii inathibitisha ni bati la asili," alisema, na mmoja wao akasema hakuna makumbusho mengine yenye kitu kama hicho. Nikauliza huyo mama alikuwa nani. Mfanyakazi, mwenyekiti akajibu, mfanyakazi wa kiwandani, na akarudi kwenye picha zake.

Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa akija kunichukua na gari jioni, na alikuwa amesikia yote. Alikuja akalitazama lile bati kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya ile namba bila kuigusa. Jumatatu akaenda maktaba, na Jumatano, nikiwa nakula, akaniambia kwa Kiingereza, ambacho ndicho anachonijibia siku zote, kwamba viwanda vile vya ndege vilijaa watu waliokamatwa katika nchi zilizotekwa na wengine waliotolewa kwenye kambi za wafungwa, kwamba walifanyishwa kazi kwa kipigo na njaa, na kwamba walipewa namba. Nikaacha kula.

Sasa ikatokea kwamba mwenyekiti alihitaji mtu wa kusoma siku ya ufunguzi. Alitaka kijana, na alitaka, hakunificha, mtoto wa wakimbizi, maana waandishi wa habari wangekuja na watu wangependa kuona. Akamwomba binti yangu aandike ukurasa mmoja kuhusu ndege ile inavyopanda juu. Aliuandika vizuri sana. Alieleza hewa nyembamba, mabawa marefu, mpira wa kifuniko, akataja hata povu la sabuni na baba yake. Na mwishoni akaweka sentensi moja, ambayo nimeikariri kwa Kiswahili ili nisiisahau: kwamba ndege hii ilijengwa na watu waliolazimishwa, mmoja wao aliacha jina lake ndani, na jina lake ni hili. Kisha jina.

Mwenyekiti hakumwambia yeye. Alinivuta mimi pembeni, karibu na friji. Alisema ukurasa ni mzuri mno, isipokuwa ile ya mwisho. Siku ile ni ya ndege, alisema, si ya siasa. Watu watakuja na familia zao. Ukishafungua mlango huo utaulizwa maswali yasiyo na mwisho. Mimi kama baba ningeweza kuongea naye. Na kabla hajavuta pumzi nyingine akaniambia kwamba kamati itakaa Alhamisi kuhusu ile nafasi ya mtunzaji. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Watu wasafi hawasemi.

Kwa siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Jumanne jioni nilikwenda Grant Street kunyolewa, kwa shemasi wetu, Mkongomani wa Uvira mwenye kiti kimoja cha kunyolea nyuma ya duka la kutuma pesa, na nikamsimulia. Nilitegemea anihurumie. Alizima mashine.

"Bon, mutoto alisema kweli," akasema. "Sasa weye uko naogopa nini?"

Nilimjibu kwamba yeye hana mke anayeshika kuta. Akawasha mashine akamaliza kuninyoa, na nikatoka nimekasirika.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho watu wetu hawaelezi. Kambini, kabla ya intavyu ya kuletwa Marekani, kila familia ilikuwa inasafisha maelezo yake. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, kusafisha. Waliotangulia kupita waliwafundisha waliobaki, nyuma ya matangi ya maji: jibu kwa ufupi, usieleze usiloulizwa, mume na mke msitofautiane hata kwa siku moja. Na juu ya yote, usiseme kamwe kwamba uliwahi kubeba. Kulikuwa na swali kuhusu kuwasaidia watu wenye silaha, na tulimfahamu mwanamume aliyekiri kwamba waasi walimbebesha gunia la unga kwa mtutu wa bunduki. Faili lake lililala. Sisi tuliondoka, yeye akabaki amekaa mbele ya hema lake, anatuangalia.

Mimi nilibeba siku kumi na tisa. Waasi walinikuta shambani kwetu Burundi, wakatufunga kamba wanne, wakatubebesha masanduku ya risasi. Tulitembea usiku na mchana katika mvua. Mmoja wetu, jirani, alianguka siku ya saba, na hawakumpiga risasi kwa sababu risasi ni za thamani. Sanduku lake waliniongezea mimi. Bado naikumbuka kona yake ilivyokuwa inanichimba hapa, chini ya shingo. Kwenye intavyu nilisema siku hizo nilikuwa kwa mjomba, naumwa malaria. Mke wangu akasema hivyohivyo. Watoto walipokua, niliwaambia hivyohivyo. Mjomba huyo hakuwahi kuwapo.

Mtu mwingine yeyote, aliyewahi kubeba, angesoma ile sentensi ya binti yake akalia kwa shukrani. Mimi niliisoma nikaona hatari. Niliogopa kama ambavyo ningeogopa kambini kumsikia mtoto anaropoka mbele ya yule bibi wa intavyu. Sidhani kama ilikuwa bima peke yake. Yalikuwa ni yale mazoea, yameniingia mpaka kwenye mifupa, kwamba hadithi iliyo salama ni ile iliyokatwa.

Tulikaa mezani jikoni, yeye na kompyuta yake.

"Walikuomba ueleze ndege inavyopanda," nilimwambia. "Umeeleza. Hiyo ya mwisho hukuulizwa."

"Lakini ni kweli, baba." Alisema kwa Kiswahili, na yeye hutumia Kiswahili akiwa anataka kitu sana.

"Hata ikiwa kweli, si lazima useme."

"Sasa huyo mama nani atamsema?"

Ningeweza kumwambia wakati ule. Sanduku, kamba, jirani, vyote. Badala yake nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananinuka mdomoni. Nilimwuliza kama anataka mama yake apate daktari, au anataka kupigiwa makofi na watu waliokwisha kufa.

Alinitazama tu, kama aliyefungua mlango asioukusudia, halafu akageuza uso kwenye kompyuta. Ile sentensi hakuifuta kwa mara moja. Aliifuta herufi moja moja, toka nyuma kwenda mbele, jina likiwa la kwanza kuondoka, mpaka mstari ukaisha. Akaniuliza kwa Kiingereza kama hivi inafaa. Nikasema inafaa.

Siku moja kabla ya ufunguzi nililifunga lile bati mahali pake, skrubu kumi na mbili, maandishi yakitazama ndani. Ndivyo linavyokaa, hakuna namna nyingine, na nilijirudia maneno hayo kila nilipokaza skrubu. Tukafunga kifuniko, wakajaza upepo, nikapaka povu kwa mara ya mwisho. Halikuchemka hata tone. Mwenyekiti akanikumbatia.

Kesho yake binti yangu alisoma akiwa amevaa gauni la kanisani. Sauti yake haikutetemeka. Alifika mwisho, ambapo sasa palikuwa pale kwenye povu la sabuni na baba yake, na watu wakacheka kwa upole, wakasimama, wakapiga makofi, wakageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mkia, nimevaa shati jipya lenye nembo ya kikundi, na mpiga picha alinisogeza nikae chini ya bawa na mtoto wangu. Nyuma yetu nilimsikia mwenyekiti akimwambia mgeni fulani kuhusu miezi sita. Nilitabasamu. Picha ipo, na ninatabasamu vizuri.

Kazi nikaipata. Mke wangu alipasuliwa nyonga na sasa anatembea bila kushika kitu, anakwenda mwenyewe mpaka kituo cha basi, na kila ninapomwona anavuka barabara namshukuru Mungu, halafu najichukia, vyote kwa pamoja. Nafungua banda asubuhi, nafuta vioo, najibu maswali ya wageni. Wanauliza inakwenda kasi gani. Wanauliza inafika juu kiasi gani. Mara chache mtoto huuliza nani aliitengeneza, na mimi hutaja mainjinia wa Kijerumani. Binti yangu hakuninunia. Nilingoja aninunie. Alianza chuo hapahapa mjini, akawa mpole zaidi kuliko mwanzo, na akawa mtu wa kusifiwa na kila mwalimu kwa jinsi anavyojua kuandika barua za maombi.

Mke wangu aliapa uraia zamani, na watoto wakaupata kupitia kwake. Mimi nilikuwa sijaomba. Kila mtu kanisani alidhani naogopa Kiingereza. Ukweli ni kwamba nilisikia lile swali la kambini limo pia kwenye fomu ya uraia, na nilikuwa nimechoka kudanganya kwenye karatasi. Lakini hali ya nchi ilivyobadilika, na hofu ilivyoingia hata kwa watu wenye kadi ya kijani ya ukaazi, mke wangu alinisihi mpaka nikakubali. Jumapili moja baada ya ibada nikakaa na binti yangu kwenye meza ileile, yeye anasoma maswali kwenye kompyuta, mimi najibu.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Alipolifikia lile swali, kama niliwahi kulisaidia kundi lolote lenye silaha kwa namna yoyote, nilimwambia aondoe mikono kwenye kompyuta. Nikamsimulia yote. Kiswahili kiliponiishia nikatumia Kirundi, ambacho anakisikia nusu. Nikamwambia kuhusu mjomba ambaye hakuwapo. Nikamwambia kwamba nilipoisoma sentensi yake ile niliielewa kuliko mtu yeyote katika lile banda, na bado nikamlazimisha aifute, na kwamba ninajionea kinyaa. Nikamwambia sasa nataka iandikwe kama ilivyokuwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Nilingoja akasirike. Nilimngoja yule msichana aliyekwenda maktaba Jumatatu, anigombeze kwa kumficha, aniambie ndiyo baba, tuandike, tutafute mwanasheria, tueleze. Nilimngoja kwa hamu kuliko nilivyowahi kumngoja mtu.

"Pole sana, baba," akasema, kwa Kiswahili safi, akaushika mkono wangu. "Lakini hapa tuweke hapana. Bila hiyo sehemu inasomeka vizuri zaidi."

Akauachia mkono wangu, akabonyeza. Kisha akanisomea swali linalofuata, kama nimewahi kuwa mlevi wa kupindukia, akanigeukia kwa upole, vidole tayari, akisubiri kuandika chochote nitakachomwambia.